Meza ya Dirishani

"Dirisha wamelikosea," dada yangu alisema, na tamthilia yenyewe ilikuwa haijafika hata katikati.

Tulikuwa sebuleni kwake, Jumapili mchana, yeye kanyoosha miguu juu ya stuli, mimi kwenye kile kiti chake kinacholalamika kila ukijigeuza. Binti yake alikuwa ametupigia simu sote wawili kutuhimiza tutazame, maana eti wanaonyesha maisha yetu. Ni tamthilia ya enzi za taipureta na tai nyembamba, ofisi ya kutengeneza matangazo ya biashara, watu wanavuta sigara kama wanalipwa kwa moshi. Sehemu ya siku hiyo ilihusu tangazo la sabuni. Mkurugenzi wao, kijana mwenye taya la kupendeza, alisimama dirishani akatazama mawingu, muziki ukaingia polepole, kisha akageuka na maneno yote yako tayari mdomoni. Wenye kiwanda wakafuta machozi. Halafu, kwa kuwa mambo ya dunia hii hayana haya, tamthilia ikasimama kidogo kupisha matangazo, na la kwanza likawa la sabuni.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufoka. Nilisema tai wamezipata sawasawa ila watu wamewakosa. Nilisema katika ofisi nzima haonekani hata mtu mmoja anayeosha vikombe, na chumba cha wapiga taipu kimepita kwenye kioo cha televisheni kama basi lisilosimama kituoni. Dada aliniacha nimwage yote. Amenizoea. Kazini waliniita Kipaza, kwa sababu nilikuwa kiongozi wa wafanyakazi na sikujua kusema kwa sauti ndogo, na jina hilo amelishika hadi leo. Yeye hakuwa na ugomvi na vikombe. Neno lake lilikuwa hilo tu, kwamba dirisha la kweli halikutazama mawingu. Na kwa kuwa tamthilia haitalisema, nitalisema mimi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu. Mbele kulikuwa na chumba kirefu cha waandishi wa matangazo, wanaume tupu, na mwisho wa chumba hicho palikuwa na dirisha moja kubwa lenye meza chini yake. Ukikaa kwenye meza ile, ng'ambo ya barabara unaona paa la ghala, na juu ya paa fremu ya chuma ya kubandikia bango. Kila tangazo kubwa tulilotengeneza lilianza kubandikwa hapo, ili Mkurugenzi wetu awapeleke wateja dirishani na kuwaonyesha kazi ikiwa juu, mji mzima ukipita chini yake. Kwa hiyo aliyekaa pale alikuwa mwandishi kwelikweli. Aliandika, akainua macho, akajiona.

Dada yangu alikuwa mpiga taipu. Chumba chao kilikuwa nyuma, hakina dirisha, kimepakana na choo, na mashine zao zikianza kulia kwa pamoja ungedhani mvua ya mawe imeangukia bati. Waandishi walimletea karatasi zilizochorwachorwa, yeye akazipiga safi, na wakati wa kuzipiga alikuwa akizinyoosha. Anaondoa neno hapa, anageuza sentensi pale. Walizipokea wakadhani ndivyo walivyoandika. Mwandishi mkuu, tuliyemwita Koti kwa sababu hakulivua hata jua likichoma, aliwahi kusoma sentensi ya dada yangu kwa sauti mbele ya wote na kujisifu kuwa siku hiyo ameamka vizuri.

Meza ya dirishani ilipobaki wazi, mwenyewe akiwa amehamia kampuni nyingine, dada alienda kwa Mkurugenzi akaiomba. Alivaa sketi aliyoishona mwenyewe na alinikataza nisimsindikize. Alijua ningegeuza ombi kuwa mkutano wa hadhara. Mkurugenzi hakumfukuza. Alicheka kwa upole, na kucheka huko kunaudhi kuliko kufukuzwa, akamwambia kwanza aonyeshe mkono wake. Akampa mbuzi.

Lazima nieleze mbuzi, maana hapo ndipo tamthilia yao ilipoonyesha kuwa walioiandika hawakuwahi kukanyaga ofisi kama ile. Mteja hapelekewi tangazo moja. Anapelekewa matatu, kila moja limebandikwa kwenye kadi kubwa ngumu na kufunikwa kitambaa. La kwanza sisi tuliliita bibi harusi: ndilo ofisi inalolitaka, limepambwa, limetiwa manukato. La pili ni mpambe, anafanana na bibi harusi ila hamzidi. La tatu ni mbuzi, na mbuzi anaingizwa ili achinjwe. Mteja akishamchinja mbuzi anajiona ana jicho kali, anatulia, na kwa mkono uleule anamwoa bibi harusi. Ufundi wake ni kwamba mbuzi awe mbaya, lakini asiwe mbaya kiasi cha mteja kugundua anafanyiwa mchezo. Kazi hiyo walipewa watu wa nyuma, na haikuwa na jina la mtu.

Mteja alikuwa mwenye kiwanda cha sabuni. Sisi tulimwita Bwana Sabuni, mbele yake tulisema mzee. Alikuwa anatoa sabuni mpya ya unga. Koti alimtengenezea bibi harusi kwelikweli: msichana wa gauni jeupe katikati ya maua, na maneno kwamba weupe huu utakufanya upendwe. Mpambe alikuwa msichana yuleyule, ameketi. Dada yangu aliambiwa mbuzi wake awe wa kawaida kabisa, pasiwe na msichana wala ua.

Akatii. Hilo ndilo huwa nalifikiria mpaka leo, kwamba aliifuata amri neno kwa neno. Alimchukua mama yetu mchana mmoja akampeleka studio ya ofisi. Mama alikuwa dobi. Alifulia nyumba za watu uani kwetu, kwa sabuni ya mche ya kiwanda hichohicho, na magadi, tangu sisi hatujaota meno. Mpiga picha hakutaka uso. Alimwambia aweke mikono kwenye ukingo wa beseni na asifanye lolote, na mama akauliza kama kuna kazi inayolipa kwa kutofanya lolote, maana angeianza mapema. Ikatoka picha ya mikono miwili tu: vifundo vimevimba, ngozi imepasuka kwenye vidole gumba, kucha zimeliwa na maji. Chini yake dada akaandika maneno manne. Anayefua ana mikono pia.

Herufi nilizichora mimi, kwa brashi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilizichora nikiwa na hasira. Nilimuuliza ilikuwaje amchukue mama amfanye mbuzi. Akanijibu kwamba mbuzi hatoki nje ya chumba cha mkutano, anachinjwa humohumo na kadi inatupwa, nipunguze sauti.

Nami nilikuwemo chumbani siku ya kumwonyesha mteja, kwa sababu wachora herufi ndio tuliobeba kadi na kufunua vitambaa. Koti alimwimbia bibi harusi. Alimwimbia mpambe. Kwa mbuzi alisema kwa kifupi kwamba tumejaribu pia njia ya kawaida, akaniashiria nifunue, na mimi nikafunua huku yeye keshaanza kupanga karatasi zake. Bwana Sabuni aliitazama mikono ya mama yangu. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema wanaonunua sabuni hawana bustani za maua, wana mikono kama hii.

"Naitaka hii," alisema.

Nilimwona Koti akigeuka rangi ndani ya koti lake. Chumba cha nyuma kilipopata habari, mashine zote zilinyamaza mara moja, halafu mmoja akasema, "Mbuzi kaolewa," na kicheko kikavuka ukuta mpaka chooni. Dada yangu hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza yake kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba.

Ingekuwa tamthilia, muziki ungeingia hapo. Lakini Bwana Sabuni hakufika alipofika kwa kuchukua kitu kikiwa kizima. Kesho yake alimpigia Mkurugenzi simu akasema mikono ni mizuri, inagusa, ila inauza huzuni. Anataka picha mbili. Upande mmoja mikono ileile, juu yake iandikwe Kabla. Upande wa pili mikono laini, juu yake iandikwe Baada. Na yale maneno manne yatoke.

Mkurugenzi alimwita dada yangu ofisini na safari hii alimkalisha. Alimwambia wamezunguka wakitafuta mikono ya Baada, kumbe ipo hapahapa nyuma. Mikono ya mpiga taipu, haijui magadi. Na zaidi ya hayo ni ya damu moja, mifupa inafanana, vidole vinafanana, hakuna atakayetilia shaka. Atapigwa picha wiki ijayo. Picha ikishatoka, Jumatatu inayofuata ahamishe vitu vyake kwenye meza ya dirishani. Akampa na katoni ya sabuni mpya apeleke nyumbani, zawadi ya mzee.

Hakukubali wala hakukataa. Alisema atamwonyesha mama kwanza, na Mkurugenzi akaona ni adabu nzuri.

Jioni ile alimwonyesha mchoro wa bango, uliochorwa kwa penseli. Mama alikuwa ameketi ukumbini akitoa vifungo vya shati la mtu. Aliitambua mikono yake upande wa kwanza, akaguna kwamba wamemchora vidole vinono. Kisha akauliza hiyo ya pili ni ya nani.

"Yangu, mama."

Mama aliweka shati chini. Aliuchukua mkono wa dada yangu akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, kama anayekagua kola.

"Basi hawajakosea," alisema. "Hii laini imetoka kwenye hii. Nani mwingine angeilainisha? Lakini hapa naona wameandika ni sabuni."

Mimi sikungoja kusikia zaidi. Nilisimama nikahutubia. Nilisema ndiyo kazi yao hao, wanachukua miaka ya mtu wanaiuza kwenye katoni. Nilisema kesho nitawaambia wachora herufi wote waweke brashi chini, hakuna mkono wa mfanyakazi utakaochora Kabla wala Baada. Mama aliniambia nikihutubia nisimame mbali na nguo safi. Dada alikuwa akisoma maelezo nyuma ya katoni ya sabuni, midomo ikitembea, kama alivyosoma karatasi za wale wanaume kabla ya kuzinyoosha.

Wiki ile nilikuwa mtu wa mikutano. Mchana nilinong'ona na wachora herufi kwenye ngazi, jioni nilikwenda nyumbani kwa mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo sikuona kilichokuwa kikitendeka uani kwetu, nimekuja kusimuliwa baadaye. Kila akitoka kazini dada alivua sketi yake, akajifunga kanga kuukuu, akakaa kwenye beseni la mama. Alifua mzigo wote wa siku kwa ile sabuni ya unga, akipima kijiko kama katoni ilivyosema, akifikicha, akisuuza, akianza tena. Mama alimgombeza ainuke. Alijibu kwamba hawezi kuiandikia sabuni asiyoijua. Mama akadhani ni masomo, akamwacha, na ukweli ni kwamba alifurahi kupumzisha mgongo.

Ofisini walianza kulalamika kwamba barua za Mkurugenzi zina madoa. Dada alikuwa akipiga taipu akiwa amejifunga vidole kwa plasta, na plasta ziliteleza kwenye vitufe. Aliwaambia ni kikombe kilivunjika.

Siku ya picha Bwana Sabuni alikuja mwenyewe, anapenda kuona pesa yake inavyofanya kazi. Mkurugenzi alikuwepo, na Koti, na mimi nilikuwa pembeni na vifaa vyangu nikisubiri wakati wa kuweka brashi chini. Dada aliingia na glovu za pamba, zile za kushikia filamu. Mpiga picha akawasha taa, akaliweka beseni jipya, jeupe, akamwambia avue. Akavua kidole kwa kidole, akaiweka mikono kwenye ukingo, palepale mama alipoiweka yake.

Ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo. Ngozi ilikuwa imebanduka katikati ya vidole, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na mpasuko ambao taa ile ilifika mpaka ndani yake.

Bwana Sabuni aliinama akatazama. Hakukasirika. Alimwambia kwa sauti ya mtu mzima anayemrekebisha mtoto:

"Binti, hii ni Kabla."

"Hapana, mzee," dada alisema. "Kabla ilikuwa wiki iliyopita. Hii ndiyo Baada. Nimeitumia kama katoni inavyosema."

Hakuna aliyemfokea. Nilijiandaa kwa kelele, maana kwenye kelele ndiko niliko fundi, lakini kelele hazikuja. Koti alisema taratibu kwamba zipo ngozi za namna hiyo, hazistahimili sabuni yoyote. Mkurugenzi alimshukuru dada yangu, akamwambia anaweza kurudi chumbani kwake, halafu akatuma mtu amwite msichana wa mapokezi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Ilipigwa picha kabla taa hazijapoa.

Hapo ndipo nikaona zamu yangu imefika. Niliweka brashi chini, na wachora herufi wenzangu wakaweka zao, na tulisimama ukumbini mikono kifuani, tumependeza. Mkurugenzi akaagiza herufi za kubandika, ndio kwanza zilikuwa zimetoka, zinakuja kwenye karatasi, unakwangua tu kwa kalamu zinang'ang'ania. Kabla na Baada zikabandikwa na Koti mwenyewe, zimenyooka kuliko za brashi. Tulisimama vile mpaka tukaona aibu, tukaenda kula. Sijawahi kuisamehe karatasi ile.

Meza ya dirishani alipewa mpwa wa Koti.

Nyumbani nilifika na maneno mengi. Nilimsimulia mama kila kitu, taa, glovu, uso wa Bwana Sabuni, nikimwonyesha kwa mikono yangu jinsi dada alivyoiweka yake. Nilisema hiyo ndiyo tunaita msimamo. Nilisema kisa hiki kitasimuliwa. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameilaza magotini viganja juu, kama vitu alivyopewa avishikie. Mama alileta chupa ya mafuta, akaketi mbele yake, akaanza kumpaka. Hakunitazama.

"Wewe nyamaza," aliniambia. "Wewe ulitaka kisa. Mimi nilitaka mwanangu akae dirishani."

Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua si jambo dogo.

Alimpaka kidole kimoja kimoja, akikwepa mipasuko, na alikuwa akinung'unika kwa ile sauti ya chini aliyoitumia kwenye madoa sugu. Kwamba alifua nguo za watu ili mikono hii isilijue beseni. Kwamba angeambiwa angeificha ile katoni. Kwamba hao watu wangeandika Kabla, wangeandika Baada, wangeandika hata jina la baba yao, yeye ingemdhuru nini, mikono yake ilikuwa imeshakwisha. Lakini meza ingekuwepo, na kesho kutwa angeandika maneno yake mwenyewe, na nani angemzuia. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo yote, ya vitabu vya kuazima na ya kichwani mwangu, na hakuna hata moja lililotosha pale ukumbini.

"Ulitakiwa uichukue meza, mwanangu," mama alisema.

Dada alingoja mkono wa kwanza umalizike.

"Mama, meza ile inatazama paa la ghala. Ningekuwa nikiinua kichwa, nakuona wewe pale juu. Na pembeni yako wameandika kwamba uliponywa na wao."

Mama alimimina mafuta mengine kiganjani, akachukua mkono wa pili. Alichukua muda mrefu kwenye mkono ule kuliko wa kwanza.

Bango lilibandikwa, na lilikaa mpaka jua likalipausha. Mama alikuwa akipita chini yake na mizigo yake kichwani. Mara moja nilikuwa naye. Alisimama, akainua macho upande wa kushoto, upande wake, akautazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa, kisha tukaendelea na safari. Upande wa pili hakuutazama kabisa.

Kwenye televisheni, mkurugenzi mwenye taya alikuwa amerudi tena dirishani. Bango lao walikuwa wameshalionyesha, bango zuri, na kila mtu alimpa mkono. Nyuma ya kioo palikuwa na mawingu meupe, yametulia, hayana paa wala ghala.

"Unaona," dada alisema, "hata mimi pale ningekaa."

Akaniomba nipunguze sauti.